Mlango Aliouruka Matroni

Ukimwendea Matroni na tumbo, hakukuuliza linauma wapi. Alikuuliza ulikula na nani. Ukishamtaja, alitaka kujua kama huyo mwenzako naye anaumwa, na kama haumwi, alikutazama machoni kwa muda kisha akasema, "Basi si chakula. Kaa hapo tuongee." Wasichana wengi waliokaa hapo, kwenye benchi la nje ya chumba chake, waliinuka wamepona kabla hajafungua kabati la dawa.

Nilifanya naye kazi miaka ile ya mwanzo ya uhuru, katika shule ya wasichana ya bweni iliyokuwa upande wa msitu, mwendo mfupi kutoka mjini Kakamega. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni wa hesabu, mtoto wa watu waliokuwa ndio kwanza wamepata shamba la mahindi kule Lugari, na kiburi changu kilikuwa kipya kuliko viatu vyangu. Yeye alikuwa Matroni kabla sisi wote hatujafika. Hakuna aliyemwita kwa jina. Mchungaji aliyekuja kutuhubiria alijaribu siku moja kumwita "dada yetu mpendwa," na kidato kizima cha pili kikatolewa nje kwa kucheka.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye shingo ndefu ambayo ungedhani ameazima kwa mtu mwingine. Kiunoni alifunga mshipi wa ngozi wenye funguo za stoo, za bweni, za kabati la dawa na nyingine ambazo nadhani hazikufungua kitu tena. Ulimsikia kabla hujamwona. Nilipofika, funguo zilikuwa upande wa kulia. Baadaye zilihamia kushoto, na shule nzima, pamoja na walimu wake wote wenye vyeti, haikujiuliza kwa nini.

Matumbo aliyagawa. Kulikuwa na tumbo la mtihani, ambalo huja Jumatatu na kuondoka kengele ya mwisho ikilia. Kulikuwa na tumbo la mapera mabichi, ambalo mwenyewe hulijua na huona aibu. Kulikuwa na tumbo la nyumbani, la msichana aliyepata habari kwamba mama yake ameolewa mahali pengine au baba ameoa tena, na hilo hakulipatia dawa yoyote. Alilipatia kazi ya kuchambua maharagwe karibu naye, mchana kutwa, bila maswali. Halafu kulikuwa na tumbo la hospitali. Hilo hakulichezea.

"Kuugua si kazi," alituambia. "Kazi ni kujua umpelekee nani. Tumbo ni nyumba ya milango mingi. Ukibisha mlango usio wako, utafunguliwa na mbwa."

Kulikuwa na msichana mmoja mkimya kutoka Matungu ambaye hakulalamika hata kidogo. Matroni alimwona tu akienda darasani, mgongo umepinda kama anayetafuta sindano chini. Akamwita.

"Mtoto, ruka kidogo."

"Siwezi, Matroni."

"Ruka tu, kidogo."

Msichana akajaribu, akakaa chini palepale, amekuwa wa majivu usoni. Lori lililoleta kuni lilikuwa bado linapakua. Matroni alimwambia dereva ateremshe kuni zilizobaki hapohapo njiani, akapanda nyuma, kichwa cha mtoto kikiwa juu ya paja lake, na mwalimu mkuu wetu, mzungu aliyependa kubishana juu ya kila kitu hata juu ya jua, alifungua lango kwa mikono yake. Siku hiyohiyo msichana alifanyiwa upasuaji. Aliporudi shuleni, mwalimu mkuu alimwokea Matroni keki kubwa ya siagi. Matroni alishukuru sana, akaigawa yote kwa wasichana. Alisema ina mafuta mengi.

Usidhani nakuchorea malaika. Alinusa tumbaku, na aliificha kwenye mkebe wa hamira, jambo ambalo mpishi hakuambiwa. Jumapili moja maandazi hayakuumuka, na watu waliokula walipiga chafya kanisani mpaka wimbo wa tatu. Hakuomba radhi. Alisema, "Leo mafua yenu yote yametoka, mnataka nini tena?" Alitufokea kwa kula upesi, "Mwalimu, wewe unakulanga kama mtu gari inamwacha," na yeye mwenyewe alikula amesimama, mlangoni mwa jiko, tonge mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine. Aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti iliyopotea njia kila mara mahali palepale.

Na kila mkutano wa asubuhi, akipewa nafasi, aliwaambia wasichana methali ileile: mficha maradhi, kilio humuumbua. Aliisema vizuri. Aliisema mkono wake wa kulia ukiwa umejibana chini ya mbavu.

Siku tuliyochinja ng'ombe kusherehekea bendera mpya, yeye ndiye aliyepakua. Kila mtu alipata nyama, hata watu wa kijiji waliokuja kusimama nje ya ua. Yeye alijitengea obusuma, ugali wetu, na mboga za majani, akala mlangoni kama kawaida. Mpishi akamsukumia kipande kilichonona. Alikila kwa heshima ya mpishi, na kufikia jioni alikuwa amelala chumbani, amefunga mlango, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Kuanzia hapo nikaona jambo la ajabu. Mwanamke huyu aliyeweza kutazama mgongo wa mtoto akajua aende wapi, tumbo lake mwenyewe alilitembeza kama mgeni asiyejua mji. Kwanza alilipeleka kwa mama mmoja wa Iguhu anayekanda matumbo, akarudi amekandwa hadi hawezi kuinama. Halafu alikwenda kwa mwenye duka la dawa mjini, Mhindi mpole, akapewa chupa ya dawa nyeupe kama chokaa. Aliinywa na midomo ikabaki na alama kama mtoto aliyeiba maziwa. Akaenda kwa mtu wa mizizi. Akaenda kuombewa. Mwishowe, sikiliza haya, alipanda basi mpaka Kisumu kwa daktari wa meno, akang'olewa jino.

"Jino, Matroni?" nilimuuliza.

"Chakula kinapitia wapi kwanza?" alinijibu, shavu limevimba. "Pahali pa kuanzia ni mlangoni."

Kwa kila mlango alikuwa na sababu yake nzuri. Mlango mmoja tu ndio aliouruka, na ulikuwa karibu kuliko yote: hospitali kubwa ya mjini, ambako yeye mwenyewe alipeleka watoto wa wenzake.

Sababu yake ilikuwa harusi. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na kijana aliyesomea udaktari Uganda, mmoja wa wa kwanza kurudi upande wetu na kazi hiyo, na serikali mpya ilimleta Kakamega kushughulikia wagonjwa wa matumbo na upasuaji. Habari ilipofika shuleni tulipiga vigelegele. Matroni alipiga kuliko wote. Kisha aliingia chumbani, nami nilipompelekea chai nilimkuta ameketi kitandani, funguo mapajani, anatazama ukuta.

Kwa asiyejua mila zetu, nieleze. Kwetu Waluhya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani ana kwa ana. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima iliyo kubwa mpaka haina mahali pa kukaa ila mbali. Sasa serikali, kwa nia njema kabisa, ilikuwa imemweka kwenye ule mlango mtu pekee ambaye Matroni hangeweza kubisha kwake.

Daktari alipoletwa, yule mzungu alikuwa ameshaondoka na mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwafrika, mwanamke mkali wa kutoka Bukura. Aliona Matroni anavyokonda akaniamuru nimpeleke hospitali, nisirudi bila jibu. Huko tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa nje, katikati ya watu. Matroni alijifunika leso, akauliza foleni ile inaenda kwa nani. Kabla sijamjibu, daktari mwenyewe alitokea upande wa pili wa ukumbi, koti jeupe, anasoma karatasi huku anatembea.

Matroni aliinuka. Kwa mtu aliyeshindwa kupanda ngazi asubuhi ile, aliruka mtaro vizuri sana, akasimama nyuma ya ua wa maua, leso usoni. Daktari naye aliinua macho, akaona leso, akageuka mzimamzima na kuingia chumba cha kwanza alichokiona wazi. Kilikuwa stoo ya mafagio. Muuguzi akatoka kumtafuta, "Daktari ameenda wapi?" Kwenye benchi hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye mkono wa bandeji alisema polepole, "Huyo ni mkwe," na watu wote wakainamisha macho, wakasubiri.

Nilikwenda kwenye stoo. Alikuwa amesimama kati ya ndoo, kijana mrefu mwenye miwani.

"Mwalimu, Mama ako wapi?"

"Nyuma ya maua."

"Basi mimi nakaa huku mpaka atoke."

"Daktari, mama huyu anaumwa sana."

"Najua. Mke wangu analianga kila siku."

"Si umpime?"

Aliitazama mikono yake. "Hilo tumbo ndilo lilimzaa mke wangu," alisema. "Nitaliwekea mikono namna gani? Na nisipoliwekea, nitamwambia nini mke wangu? Mwingine wa kupasua ni yule wa Kisumu, na yeye anakujanga mara moja moja."

Nilimwonea huruma. Kitabu chochote alichosoma hakikuwa na ukurasa huo. Alifikiri, kisha akaniambia nimlete Mama chumba cha mwisho, nimlaze nyuma ya pazia, muuguzi awe upande wa kitanda, na mimi nisimame pazia linapoishia. Yeye angeingia baadaye, akae kwenye kiti akitazama dirisha.

Sijawahi kufundisha somo gumu kama lile. Daktari alizungumza na dirisha, mimi nikapeleka maneno ndani, Matroni akazungumza na dari, nikayaleta nje. Mikono ya muuguzi ndiyo iliyokuwa mikono yake.

"Muulize Mama inaanza wapi."

"Mwambie huyo mtu wa huko, chini ya mbavu, upande wa kulia."

"Muulize kama inatembea."

"Mwambie inatembea. Inaenda mgongoni, inafika mpaka hapa kwa bega."

"Inakujanga baada ya kukula nini?"

Nilipeleka swali hilo ndani. Matroni aliacha kutazama dari, akaligeukia pazia. Nadhani alisikia swali lake mwenyewe, lile la benchini, likirudi kwake na koti jeupe.

"Mafuta," alisema. "Na mwambie ameuliza vizuri."

Nikalipeleka. Masikio ya daktari yalionekana kufurahi, kwa maana uso sikuuona. Akasema ni mawe, mawe madogo ndani ya mfuko wa nyongo, na dawa yake ni kuutoa mfuko wenyewe. Angemwita yule mpasuaji wa Kisumu. Tuendelee kungoja, na Mama asile mafuta.

Tulingoja. Mvua za masika zikaja, mpasuaji akapelekwa Nairobi, wakasema atarudi. Adhuhuri moja, wasichana wakianika nguo, Matroni aliangushwa na homa palepale chini ya kamba, na nilipomfungua jicho lilikuwa la njano. Tulimpeleka kwa gari la shule. Hospitalini binti yake alikuwa ameshafika, ameketi sakafuni kwenye ukumbi, hasemi. Muuguzi mkuu aliniambia wazi: nyongo imeoza, akingoja mpaka kesho atakufa, na wa kumpasua leo ni mmoja.

Matroni alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu. Alinivuta kwa mkono.

"Mwalimu, ni nani yuko?"

"Ni yeye tu, Mama."

Akafumba macho. Nilidhani atakataa, na nakiri niliogopa kuliko siku nyingine yoyote maishani mwangu.

"Waulize watanifunika mpaka wapi."

Nikamuuliza muuguzi. Alitueleza taratibu, kama anayemweleza bibi harusi: mgonjwa hufunikwa vitambaa vya kijani mwili mzima, kichwa hutengwa kwa pazia lake, na huachwa dirisha dogo tu, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Daktari naye hufunikwa nywele, mdomo na pua. Huonekana macho tu.

"Na mikono?"

"Glavu, Mama. Ngozi haigusi ngozi."

Matroni alilifikiria jambo hilo kama alivyofikiria matumbo yetu yote. "Basi," alisema, "hawa wazungu walikuwa na adabu na hawakujua. Mwambieni afanye kazi yake. Lakini asikuje kunisalimia."

Alipona. Mkwe wake hakukanyaga wodi ile hata siku moja. Kidonda kilioshwa na mwingine, na yeye aliuliza habari kutoka ukumbini. Mawe yaliletwa kwenye kichupa. Matroni aliyatazama bila upendo wowote, akaagiza yapelekwe kwa mwalimu wa sayansi. Funguo zilirudi kulia. Alipopata nguvu alinituma mjini na ingokho mmoja, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, nami nikampelekea daktari palepale kwenye ukumbi wake. Alimpokea kwa mikono miwili mbele ya wagonjwa wote, na yule jogoo akamharibia koti.

Hawakuacha mila yao. Ila walijitengenezea njia nyembamba pembeni yake. Kila mara daktari alipofika nyumbani kwa Matroni, alisimama nyuma ya nyumba, akamtuma mtu yeyote aliye karibu: "Muulize Mama kama tumbo limenyamaza." Na yeye, akiwa mbele ya nyumba, alijibu: "Mwambie limenyamaza." Ndiyo mazungumzo yote niliyowahi kuyasikia kati yao, na yalidumu miaka.

Nilimwona mara ya mwisho nyumbani kwake, alipokuwa amestaafu zamani na mimi nimepata nywele nyeupe za kwanza. Binti yake alinipokea njiani. Akaniambia Mama anaumwa tena, na safari hii si mawe. Mume wake alikuwa amempeleka Nairobi kwa wakubwa wa kazi hiyo, mmoja baada ya mwingine, nao wote walisema arudishwe nyumbani apewe dawa ya maumivu. Mama anajua. Na mkwe wake anajua.

Matroni alikuwa ameketi barazani, kiti chake kimeegemea ukuta, blanketi magotini, jua la asubuhi likimpata miguuni. Alikuwa amekonda mpaka ile shingo ikawa yake kabisa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za shule. Nilimwambia kwamba hata mimi tumbo linanisumbua siku hizi.

"Ulikula na nani?" aliuliza, nikacheka mpaka machozi, na machozi yakataka kuendelea.

Akaniuliza yote. Kabla ya chakula au baada, linaamka na mimi au linanikuta nimeshaamka. Mwishowe akasema, "Hilo ni la hospitali. Uende kwa yule."

"Mjini kuna madaktari wengi siku hizi, Mama. Mtu atajuaje wake?"

Alivuta blanketi juu kidogo. "Ile siku," alisema, "kabla dawa ya usingizi haijanishika, nilifungua macho. Pazia lilikuwa limeteremka kidogo. Nilimwona. Macho tu. Alikuwa ananiogopa, Mwalimu, si kidogo. Nikasema kwa roho yangu, huyu hatanikata ovyo. Ukitafuta mtu wa kukufungua tumbo, tafuta mwenye anakuogopa. Asiyekuogopa ataona nyama."

"Hujawahi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilimtazama?"

Gari lilisimama barabarani. Matroni alijua mlio wake. Alivuta leso ikafunika uso, kama alivyofanya siku ya maua. Daktari alizunguka kwa njia ya migomba, akasimama nyuma ya nyumba ambako hawangeonana. Nilikwenda kumwamkua. Alikuwa amezeeka vizuri, miwani ileile. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "muulize Mama kama tumbo limenyamaza."

Nilizunguka nyumba. Matroni alikuwa ameinama chini ya leso, ngumi yake ndani ya blanketi imekandamiza ubavu, jasho limelowesha kitambaa. Alingoja mpaka maumivu yakapita. Kisha alijinyoosha, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya shuleni, ile ya kusikika mpaka bweni la mwisho.

"Mwambie limenyamaza."

Katika miaka yote niliyomjua, ule ulikuwa uongo pekee niliomsikia akisema juu ya tumbo la mtu. Niliupeleka kama ulivyo. Daktari alikuwa ameshausikia kupitia ukutani. Alivua miwani akaifuta, akairudisha.

"Mwambie nimeshukuru."

Hakurudi garini. Alichukua kigoda cha jikoni kilichokuwa pale nje, akakiweka chini ya ukuta, akakaa, mgongo wake umegusa udongo wa ukuta. Niliporudi mbele, Matroni alikuwa ameteremsha leso.

"Ameenda?"

"Hapana, Mama. Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Hapo nyuma yako. Ni ukuta tu uko katikati."

Aliegemeza kichwa chake nyuma, taratibu, mpaka kikaufikia ukuta.

"Amekalia nini?"

"Kigoda cha jikoni."

"Hicho kitamuumiza mgongo," alisema. "Mpelekee kiti kizuri."